Gia Zikigoma: Tuulize Kabla ya Kulipa



Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wazee wetu, na gari nalo aghalabu haliharibiki bila ya kubisha hodi. Kabla gia hazijakataa kabisa kuingia, huwa zimekwisha kulalamika kwa majuma kadhaa: zitakuwa nzito asubuhi, zitakwaruza, au zitachomoka zenyewe tunapopanda mlima. Msiba wetu ni kwamba wengi hatuielewi lugha hiyo, na siku tunapofika gereji tunakuwa kama mgonjwa asiyeweza kumwonyesha daktari mahali panapouma. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa dawa yoyote, tena iliyo ghali.

Tumeazimia kuliandikia jambo hili kwa sababu ya tukio lililotufika majira ya baridi yaliyopita. Binti mmoja wa jumuiya yetu, mama wa watoto wawili, hufanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alfajiri moja, kabla hatujamaliza kunywa chai, alitupigia simu.

"Shikamoo Mwalimu. Niwie radhi kukusumbua mapema hivi."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Gari limekataa. Injini inawaka, lakini haliingii gia hata moja."

Alikuwa ametoka zamu, amekaa ndani ya gari katika uwanja wa kazini, na watoto wako kwa jirani wakimngoja awapeleke shule. Siku mbili kabla ya hapo, gia zilipoanza kuwa ngumu, alikuwa amepita gereji moja. Fundi aliendesha gari mzunguko mmoja wa mtaa, akarudi na hukumu bila hata ya kufungua boneti: giaboksi imekufa, na kuibadilisha ni paundi 1,100. Gari lenyewe alilinunua kwa paundi 1,400. Fedha pekee alizokuwa nazo ni za ada ya viza za watoto, alizozidunduliza kwa muda mrefu. Kuzitoa ni kuahirisha jambo lisiloahirishika; kutozitoa ni kupoteza kazi, kwa kuwa saa ile anayoingia zamu hakuna basi lifikalo huko.

Tulimwambia afanye jambo moja tu. "Zima injini. Vuta breki ya mkono. Kanyaga klachi mpaka chini, kisha jaribu gia zote, moja baada ya nyingine."

Kimya kidogo, kisha akasema, "Zinaingia zote, Mwalimu. Laini kabisa."

Kwa jibu hilo tulipata matumaini kwamba huenda giaboksi yake ilikuwa hai. Tutaeleza kwa nini.

KINACHOTENDEKA CHINI YA MIGUU YETU

Injini ya gari ikishawaka haiachi kuzunguka, lakini magurudumu lazima yaweze kusimama. Baina ya viwili hivyo ndipo inapokaa klachi. Ni sahani ya duara iliyovikwa kitambaa kigumu cha msuguano, nayo hubanwa baina ya flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, na bamba lenye springi kali. Mguu ukiwa juu, springi hubana, na sahani huzunguka pamoja na injini. Tukikanyaga pedali, springi huachia na sahani hubaki peke yake. Hapo giaboksi hukatika na injini, na gia huweza kubadilishwa.

Ndani ya giaboksi, kila gia ya mbele ina pete ndogo, aghalabu ya shaba nyeupe au madini yanayofanana nayo, ambayo mafundi huiita sinkro. Kazi yake ni kuvisawazishia mwendo vyuma viwili kabla havijashikana, mithili ya mtu anayekimbia kidogo kando ya basi kabla ya kurukia mlangoni. Sinkro ina nguvu ya kusawazisha tofauti ndogo. Haina nguvu ya kushindana na injini nzima.

Hapa ndipo ufunguo wa mambo yote ulipo. Ikiwa klachi haiachii sawasawa, injini huendelea kuizungusha giaboksi hata tukikanyaga pedali. Gia zitagoma au zitakwaruza, na dereva ataapa kwamba giaboksi ndiyo mbovu, ilhali giaboksi haina kosa. Giaboksi kuishusha na kuifungua ni kazi ya siku nzima au zaidi, lakini hitilafu ya klachi kutoachia mara nyingi huwa katika bomba, kebo au silinda ndogo ambayo fundi huifikia bila ya kuigusa giaboksi yenyewe.

Hatusemi haya kwa kujivuna. Sisi tuliosomesha fizikia kwa miaka mingi, tukawachorea watoto wa watu wenzo na msuguano ubaoni, tulipokuwa wageni katika nchi hii tulilitoa gari letu la kwanza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu baada ya kuambiwa maneno yale yale, kwamba giaboksi imekufa. Mwaka ulipopita tukamsimulia mzee mmoja aliyekuwa fundi tangu nyumbani. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mlizijaribu gia injini ikiwa imezimwa?" Hatukuwa na jibu, kwa maana hatukuzijaribu.

MAJARIBIO MANNE YASIYO NA GHARAMA

Majaribio haya hayahitaji spana wala jeki. Gari liegeshwe mahali tambarare, nje penye hewa, breki ya mkono imevutwa, na pasiwe na mtu wala ukuta karibu, mbele au nyuma.

La kwanza ni hilo la kuzima injini. Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, na zikigoma injini ikiwa inaunguruma, tuishuku klachi kwanza. Zikigoma katika hali zote mbili, hitilafu imo katika kebo au vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi, au imo ndani ya giaboksi yenyewe. Ikitokea gia moja tu ikagoma injini ikiwa imezimwa, tusiogope upesi: yawezekana meno yamekutana ncha kwa ncha. Tuachie klachi, tukanyage tena, tujaribu mara ya pili.

La pili ni la gia ya rivasi. Injini ikiwa inaunguruma bila gia, tukanyage klachi mpaka mwisho na kuhesabu polepole mpaka tano, kisha tutie rivasi. Katika magari mengi gia hii haina sinkro, kwa hiyo haina wa kuificha aibu. Katika sekunde tano hizo, vyuma vilivyokatika na injini vinapaswa kuwa vimesimama. Gia ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikikwaruza hata baada ya kungoja, klachi bado inaburura.

La tatu ni la pedali. Kwanza tutazame kama zulia halijajikunja chini yake, kwani tumeona zaidi ya gari moja lililougua ugonjwa huo tu. Kisha tukanyage. Pedali ikiwa laini kupita kiasi, au ikishikia chini kabisa karibu na sakafu, tuipige mara nne au tano kwa haraka. Ikipata nguvu na gia zikakubali kuingia kwa muda, basi ndani ya mabomba ya klachi mna hewa, au mafuta yanavuja. Tupapase pia zulia na ukuta ulio nyuma ya pedali. Unyevu wa mafuta hapo ni ushahidi mkubwa.

La nne ni la kutazama chupa ya mafuta ya breki chini ya boneti. Katika magari mengi ya siku hizi chupa hiyo hiyo huyalisha mabomba ya klachi. Kiwango kiwe baina ya alama mbili zilizoandikwa ubavuni. Kikiwa chini ya alama ya mwisho, jambo hili si la gia tena, ni la uhai, kwa sababu breki nazo hunywa katika chupa hiyo. Gari la namna hiyo lisiendeshwe mpaka uvujaji upatikane. Mafuta ya kuongeza yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na kamwe yasiwe oili ya injini, ambayo huharibu mipira yote ya ndani. Tujihadhari yasiguse macho, wala rangi ya gari, maana huibabua.

Baadhi ya magari, hasa ya zamani, hayatumii mafuta bali kebo ya waya. Kebo ikilegea au nyuzi zake zikianza kukatika, klachi haivutwi mpaka mwisho. Kuirekebisha au kuibadilisha ni miongoni mwa kazi nyepesi za gereji.

KILA DALILI NA MAANA YAKE

Gia moja tu ikikwaruza, tuseme ya pili, na nyingine zote zikawa salama, yamkini sinkro ya gia hiyo imelika. Bandu bandu huisha gogo: kila tunapobadili gia kwa pupa tunaikata punje. Tukipunguza haraka, tukasita kidogo katika frii kabla ya kuitia, gari laweza kutuchukua muda mrefu bado.

Gia zote zikiwa nzito asubuhi ya baridi, kisha zikalainika baada ya maili chache, tuitazame oili ya giaboksi. Oili hiyo si ile ya injini. Wenye magari wengi hawajui kuwa ipo, hivyo huweza kupungua mwaka baada ya mwaka kwa kuvuja kwenye sili za ekseli bila ya mtu kujua. Fundi huipima gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote, na katika magari mengi kipimo chake ni ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Aina ya oili ifuatwe kama ilivyo katika kitabu cha gari. Iliyo nzito mno huleta ugumu ule ule, na iliyo na dawa zisizofaa huweza kuzidhuru sinkro au kuzifanya ziteleze.

Mkono wa gia ukiwa umelegea kama mwiko ndani ya chungu kikubwa, hata dereva asijue yuko gia ya ngapi, mara nyingi ni bushi za plastiki zilizolika au kishikizo cha kebo kilichochomoka. Ni kifaa kidogo sana, na gharama yake haina uhusiano wowote na bei ya giaboksi.

Gia ikichomoka yenyewe tunapoachia au tunapokanyaga mafuta, zikaguliwe kwanza raba zinazoibeba injini, kisha kebo. Vyote hivyo vikiwa vizima, hapo ndipo pa kuhofia uchakavu wa ndani.

Sauti nazo zina maana. Mvumo unaosikika gari likiwa katika frii na mguu umeachia klachi, kisha ukanyamaza tunapokanyaga, huashiria beringi ya ndani ya giaboksi. Mvumo unaozuka tunapokanyaga tu, huashiria beringi ya kuachilia klachi. Tofauti hiyo ndogo, ikielezwa kwa ufasaha, humpunguzia fundi saa za kutafuta na sisi fedha za kulipa.

Mwisho ni ugonjwa ulio kinyume cha ule wa binti yetu. Gia zinaingia vizuri, lakini tukiwa gia ya nne au ya tano na kukanyaga mafuta, injini hupiga kelele na mwendo hauongezeki, pengine na harufu ya kuungua. Hiyo ni klachi inayoteleza kwa kuwa sahani yake imekwisha. Haina dawa ila kubadilishwa. Kinachoimaliza upesi ni mguu unaopumzika juu ya pedali, na tabia ya kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki.

MAGARI YA OTOMATIKI

Wenye magari ya otomatiki nao wana neno lao moja la kukumbuka. Mkono wa gia ukikataa katakata kutoka katika herufi P, tumwombe mtu asimame nyuma ya gari atazame kama taa za breki zinawaka tunapokanyaga. Katika magari mengi swichi ya taa hizo ndiyo inayoufungulia mkono wa gia. Taa zisipowaka, huenda kinachotakiwa ni fyuzi au swichi tu. Ama gari likichelewa kuondoka baada ya kutiwa D, au likishtuka kila linapobadili gia, mafuta yake yakaguliwe na fundi mapema. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, tusiendelee kuliendesha kwa matumaini.

TUKIWA GEREJI NA TUKIWA SOKONI

Wengi wetu hudhani kwamba gari lenye cheti cha MOT limekaguliwa kila kitu. Sivyo. Ukaguzi huo, ambao katika England, Scotland na Wales huanza gari likitimiza miaka 3 na kurudiwa kila mwaka, hutazama breki, taa, matairi, moshi na mengineyo ya usalama. Hautazami hali ya injini, klachi wala giaboksi. Gari laweza kufaulu leo na klachi yake ikafa kesho, na asiwepo aliyevunja sheria.

Kwa hiyo majaribio manne tuliyoyaeleza yafanywe kabla ya fedha kutoka mkononi. Tumwombe muuzaji asiiwashe injini kabla ya sisi kufika, kwani ubovu mwingi hujificha gari likishapata joto. Tukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inatupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kudai fedha zetu zote. Baada ya hapo, hadi miezi 6, muuzaji huwa na nafasi moja ya kulitengeneza au kulibadilisha. Sheria huangalia pia umri wa gari na maili zake, kwani si kila uchakavu ni kasoro. Tukinunua kwa mtu binafsi hatuna ngao hiyo. Wajibu wake ni kwamba gari liwe kama alivyolieleza, na awe na haki ya kuliuza.

Gereji nako, tusione haya kuuliza. Mtu aliyehama nchi huogopa kuonekana mjuaji, au huona lugha haimtoshi, naye hutikisa kichwa kukubali asichokielewa. Maswali matatu yanatosha. Mmefanya jaribio gani mpaka mkajua? Mnaweza kuniandikia makadirio kabla ya kuanza? Je, nitarudishiwa vifaa vya zamani nivione? Fundi mwaminifu hujibu bila ya kukasirika, na wapo wengi wa namna hiyo. Akikasirika, tutoke na ufunguo wetu.

TUREJEE KWA BINTI YETU

Asubuhi ile tulimwambia afungue boneti na atutajie kiwango cha ile chupa. Ilikuwa karibu tupu. Alipopapasa chini ya pedali, vidole vilirudi na mafuta. Tulimkataza kuliendesha, na jirani akawapeleka watoto shule. Gari lilikokotwa hadi gereji nyingine, akaingia na karatasi aliyoandika mambo matatu: gia zinaingia injini ikizimwa, pedali iko chini, mafuta yanavuja ndani. Fundi aliisoma, akainama chini ya usukani, akasema ni silinda kuu ya klachi. Alilipa paundi 210 pamoja na kulikokota, akakosa zamu mbili. Ada ya viza ilipungua, lakini haikwisha, na maombi yalipelekwa kwa wakati.

Alipokuja kutushukuru tulimwuliza kwa nini hakuwauliza wale wa kwanza walijuaje. Akainamisha kichwa. "Niliona aibu, Mwalimu. Walikuwa wanaume watatu, na mimi nimevaa sare ya kazi, nimechoka."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike. Basi tuwafundishe binti zetu na wana wetu, kabla hawajanunua gari la kwanza, jaribio lile la kuzima injini. Halichukui dakika moja, nalo laweza kufanywa na mtu yeyote aliyechoka, akiwa amevaa sare yake.